Goti Jipya na Mzigo wa Mwili



Juma hili nimeona yafaa tuuahirishe mfululizo wetu juu ya chakula cha watoto wachanga, ili tujibu barua iliyotufikia kutoka kwa mama mmoja anayekaa katika kota za polisi. Jina lake tumelihifadhi, kama ilivyo ada ya ukurasa huu. Nimeamua kumjibu hadharani kwa sababu najua kwamba katika kambi zetu na katika nyumba za askari wastaafu wamo wengi wenye shida kama yake, nao wanaificha.

Mama huyo anaeleza kwamba mumewe ni sajini aliyestaafu. Goti lake la kulia lilianza kumsumbua angali kazini, na sasa ni mwaka wa nane tangu maumivu yaanze. Hawezi kuchuchumaa chooni, hupanda ngazi kwa kuvuta mguu, na usiku huamka mara mbili au tatu. Daktari wa mifupa alimpiga picha ya eksirei, akaona kwamba goti limechakaa lote, akasema dawa iliyobaki ni kulibadilisha. Lakini akaongeza kwamba mzee ana kilo 104, hali kimo chake ni mita 1.70. Kwa hiyo apunguze mwili kwanza, kisha arudi. Apunguze kilo ngapi, na kwa njia gani, hawakuelezwa.

Basi yule mama, kwa mapenzi yake, alishika hatamu mwenyewe. Asubuhi humpa mumewe chai ya rangi isiyo na sukari, mchana hampi kitu, na jioni humpa kikombe cha uji. Yapata majuma sita sasa. Kilo 6 zimeondoka, lakini mzee hawezi tena kuinuka kitini bila kuvutwa mkono. Amekuwa mkali kwa kila mtu nyumbani, na juzi alikutwa nyuma ya kantini akila chapati tatu huku akiwaangalia wapita njia kama mwizi. Mama anauliza mambo matatu. Je, aendelee hivyo hivyo? Je, ni kweli kwamba goti jipya humvunjikia mtu mnene? Na je, mzee asubiri mpaka lini?

Maswali haya si madogo. Nyuma yake kuna mzee anayelala na maumivu kila usiku, na kuna nyumba ambayo chakula kimegeuka kuwa ugomvi. Natujaribu kuyajibu moja baada ya jingine.

GOTI BANDIA NI KITU GANI

Kwanza yafaa tufahamu goti lenyewe. Goti ni mahali ambapo mfupa wa paja hukutana na mfupa wa goko, na mbele yake hukaa mfupa mdogo wa mviringo tunaouita pia ya goti. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, kitu laini, cheupe na chenye utelezi, kinachoizuia mifupa isisagane. Gegedu likilika, mfupa husugua mfupa. Hapo ndipo maumivu huanza, goti huvimba, na hatimaye mguu hupinda. Umri huchangia, majeraha ya zamani, kama yale ya mpira, ya mazoezi ya kijeshi au ya ajali, huchangia, nao uzito wa mwili huchangia sana.

Katika upasuaji, daktari hukata kipande chembamba cha mfupa uliochakaa katika ncha ya paja na katika ncha ya goko. Juu ya paja huvisha kofia ya madini magumu, juu ya goko huweka sahani ya madini, na katikati ya viwili hivyo huweka plastiki ngumu ichukue kazi ya gegedu. Aghalabu vipande hivyo hushikizwa kwa saruji maalumu ya mifupa.

Fundi wa kwanza wa jambo hili alikuwa daktari Themistocles Gluck wa Berlin, ambaye mnamo mwaka 1890 alitumia magoti yaliyochongwa kwa pembe za ndovu. Hayakudumu, kwa sababu yaliingiwa na uambukizo. Goti linalofanana na yale ya siku hizi lilianza kutumika mjini New York mwaka 1974 kwa kazi ya daktari John Insall na wenzake. Siku hizi upasuaji huu hufanywa Uganda, Kenya na Tanzania, wala si lazima tena mtu asafirishwe hadi India kama ilivyokuwa zamani kwa wengi.

Goti hilo hudumu kwa muda gani? Watafiti waliokusanya hesabu za nchi kadhaa na kuzichapisha mwaka 2019 walikadiria kwamba katika magoti 100 yaliyobadilishwa yote, kama 82 huwa bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Kwa hiyo mama asiogope kwamba goti litavunjika kama kigae siku mumewe atakapolikanyaga. Hata hivyo, plastiki ile ya katikati huchakaa kwa kutumika, na saruji huweza kulegea, nao mzigo mkubwa huweza kuharakisha mambo hayo.

JERIKENI LA MAJI

Tuseme sasa juu ya uzito. Mtu atembeapo kwenye njia tambarare, goti lake hubeba zaidi ya uzito wa mwili wake, kwa sababu misuli nayo hulibana goti ili kuuzuia mwili usianguke. Apandapo ngazi mzigo huo huzidi. Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2005 uliwapima wazee wanene wenye maumivu ya magoti, ukaonyesha kwamba kila kilo moja mtu aliyoipunguza mwilini iliondoa mzigo wa kama kilo nne juu ya goti kwa kila hatua.

Hebu tulichukue jambo hili kijeshi. Mtu aliyepunguza kilo 5 ameliondolea goti lake kama kilo 20 kwa kila hatua. Kilo 20 ni jerikeni lililojaa maji. Fikirini ni mara ngapi kwa siku tunakwenda kutoka nyumbani hadi bombani, kutoka bombani hadi sokoni. Na kila hatua jerikeni moja limetuliwa. Ndiyo sababu kupunguza kilo chache tu huleta nafuu, na wengine hupata nafuu ya kutosha hata wakaahirisha kisu.

Mjini Melbourne, Australia, wagonjwa 82 wanene waliokuwa wakingoja goti jipya waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifanyiwa kwanza upasuaji wa kubana tumbo ili kupunguza mwili, na kundi la pili likaendelea na matibabu ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Katika kundi la kwanza watu 6 kati ya 41 walipata madhara makubwa; katika kundi la pili walikuwa 15. Na katika kundi lile la kwanza watu 12 walisema maumivu yamepungua kiasi cha kutolitaka tena goti jipya. Simtajii mzee wetu jambo hili ili naye akabanwe tumbo. Nataka tu ieleweke kwamba daktari aliyesema habari ya uzito hakusema upuuzi.

JE, MTU MNENE HAFAIDIKI?

Lakini hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tumesikia kwamba uzito ni hatari, tukahitimisha kwamba mtu mnene hana faida yoyote katika upasuaji. Sivyo.

Huko Marekani walifuatiliwa wagonjwa maelfu waliobadilishiwa magoti na nyonga, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Ilionekana kwamba wale wanene sana waliingia chumba cha upasuaji wakiwa na maumivu makali kuliko wenzao. Baada ya miezi sita, nafuu waliyoipata katika maumivu ya goti haikuwa ndogo kuliko ya wembamba; ilikuwa kubwa zaidi. Ni kweli kwamba hawakutembea kwa wepesi sawa na wembamba, kwani walianzia nyuma zaidi, lakini safari waliyoikata ilikuwa ndefu.

Yatupasa pia tujue namna ya kuupima unene wenyewe, tusiuhukumu kwa macho. Zidisha kimo chako cha mita kwa chenyewe, kisha ugawanye uzito wako wa kilo kwa jibu hilo. Mzee wetu ana mita 1.70, mara 1.70 ni 2.89. Kilo 104 zikigawanywa kwa 2.89 hutoa 36. Mtu wa wastani huwa kati ya 18.5 na 25. Kutoka 25 hadi 30 uzito umezidi. Kutoka 30 ni unene, na kutoka 40 ni unene wa kupindukia. Kwa hiyo mzee ni mnene, lakini hajafika katika daraja la mwisho. Na kwa kilo 98 alizo nazo sasa kipimo chake ni kama 34.

Mwaka 2013 kamati ya wapasuaji wa nyonga na magoti wa Marekani ilishauri ifikiriwe kuahirisha upasuaji kwa wale waliozidi 40. Tangu hapo fikira zimebadilika. Mwaka 2022 mwongozo wa serikali ya Uingereza ulisema mgonjwa asinyimwe rufaa ya kwenda kubadilishiwa kiungo kwa sababu tu ya unene. Mwaka 2023 madaktari wa baridi yabisi na wapasuaji wa Marekani walikaa pamoja, wakashauri kwamba upasuaji usiahirishwe kwa ajili tu ya kumngoja mgonjwa afikie namba fulani ya mizani. Sababu yao inaeleweka kwa yeyote aliyekaa na mgonjwa: mtu mwenye goti bovu hatembei, asiyetembea huongezeka mwili na hupoteza nguvu za miguu, na kadiri anavyongoja ndivyo anavyodhoofika. Hata hivyo, walisema yapo mambo mawili ambayo yafaa kuyangojea: sukari ya damu isiyodhibitiwa na uvutaji wa tumbaku. Hayo yashughulikiwe kwanza, kwa kuwa huharibu uponaji wa kidonda.

HATARI ZA KWELI

Nisije nikaonekana nautetea unene, acheni niseme wazi hatari zake. Kidonda cha mtu mnene huchelewa kufunga, kwa maana mafuta yaliyo chini ya ngozi hayana damu ya kutosha. Uambukizo ndani ya goti jipya hauwapati wengi, lakini ukitokea ni balaa, maana mara nyingine yabidi goti lote litolewe na mgonjwa arudi mezani. Hatari hiyo huongezeka kwa waliozidi kipimo cha 40. Madonge ya damu huweza kuganda miguuni. Tena wanene wengi wana shinikizo la damu, au hukoroma na kukatikiwa pumzi usingizini; mambo hayo yapasa mtaalamu wa nusukaputi aambiwe mapema, asifichwe.

Mgonjwa na atajiwe hatari hizi kama mtu mzima, apime mwenyewe pamoja na daktari wake. Kumtajia si kumwaibisha. Askari huambiwa habari za adui ili ajiandae.

NJAA SI DAWA

Sasa narudi kwa mama na kikombe chake cha uji. Mama, naomba uache leo hii.

Mtu anayenyimwa chakula hapotezi mafuta peke yake. Hupoteza na nyama ya misuli. Nayo misuli ya paja ndiyo itakayomwinua mumeo kitandani baada ya kisu. Imepimwa ikaonekana kwamba katika mwezi wa kwanza baada ya upasuaji wa goti, misuli ya mbele ya paja huweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake. Mtu akiingia na misuli iliyokwisha kuliwa na njaa, atabakiwa na nini? Hiyo ndiyo sababu mzee hawezi kuinuka kitini. Mizani imeshuka, lakini mguu umedhoofika pamoja nayo.

Tena kidonda hufunga kwa chakula cha kujenga mwili. Mtu anaweza kuwa mnene na papo hapo akawa na utapiamlo, ikiwa kwa miaka mingi amejaza tumbo kwa posho, mihogo na chai yenye sukari, bila maharagwe, samaki wala mayai. Watu wa namna hiyo vidonda vyao huchelewa kupona, na uambukizo huwapata upesi. Kwa sababu hiyo, kabla ya upasuaji ni vyema damu ipimwe ionekane kama ina upungufu wowote.

KABLA YA UPASUAJI

Haya ndiyo ninayowashauri wenye nyumba, baada ya kupata ruhusa ya daktari:

1. Sahani igawanywe. Nusu iwe mboga, kama mchicha, sukumawiki au kabichi, zisizoogelea katika mafuta. Robo iwe chakula cha kujenga mwili: maharagwe, kunde, dagaa, samaki, yai au nyama isiyo na mafuta. Robo iliyobaki iwe matoke, posho, wali au viazi. Milo iwe mitatu, wala asirukishwe mlo.

2. Viondolewe kwanza vinywaji vyenye sukari, bia, mandazi na chapati za mafuta. Mara nyingi hapo ndipo kilo zilipojificha, si katika mlo wa mchana.

3. Lengo liwe nusu kilo hadi kilo moja kwa juma, si zaidi. Apimwe mara moja kwa juma, asubuhi, kwa mizani ile ile.

4. Paja lifanyishwe mazoezi. Akiwa amelala chali, akaze paja na kuibana nyuma ya goti kwenye godoro, ahesabu hadi tano, alegeze. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Kisha akae kwenye kiti imara na kuinuka, akijisaidia kwa mikono pale inapobidi. Akazapo misuli asizuie pumzi.

5. Mikono nayo isisahauliwe, kwa kuwa ndiyo itakayobeba magongo.

6. Sukari na shinikizo la damu vipimwe na kudhibitiwa, tumbaku iachwe kabisa, na meno mabovu au kidonda chochote cha ngozi vitibiwe, maana vijidudu huweza kusafiri kwa damu hadi gotini.

7. Nyumba iandaliwe. Seremala atengeneze kiti kirefu chenye mikono, na kiti kingine kilichotobolewa katikati cha kuwekwa juu ya tundu la choo, kwa sababu kuchuchumaa hakutawezekana. Mikeka inayoteleza iondolewe sakafuni.

Zipo pia dawa mpya za sindano za kupunguza mwili. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti juu ya mojawapo, iitwayo semaglutaidi, kwa watu wanene wenye maumivu ya goti. Baada ya majuma 68 uzito wao ulipungua kwa karibu asilimia 14, na maumivu yakapungua pia. Lakini ni dawa ghali, ina madhara yake, na yapasa iandikwe na daktari. Msizinunue kwa wachuuzi.

KOSA LA NYUMBANI KWETU

Hapa naomba niungame jambo. Shangazi yangu, aliyenilea nilipokuwa nikisoma chuo cha ualimu, alibadilishiwa goti la kushoto. Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku ya pili alitembea hatua kumi wodini akishikilia kiegemeo, mtaalamu wa mazoezi akampongeza, nasi tukamchukua nyumbani kwa shangwe.

Kilichofuata kilikuwa mapenzi yasiyo na maarifa. Tulimlaza kitandani, tukaweka mto chini ya goti ili lipumzike. Alipotaka kuinuka tulimwambia atulie, kazi zote tutafanya sisi. Majirani walileta supu ya kongoro, soda, na matoke yaliyozamishwa katika mchuzi wa njugu. Mimi mwenyewe nilikuwa nikimpelekea sahani ya pili kabla hajaimaliza ya kwanza, nikiamini namrudishia wema wake. Alipokunja uso kwa maumivu ya mazoezi nilikuwa wa kwanza kumwambia aache.

Alipokwenda kuonwa na daktari baada ya majuma sita, goti lilikuwa gumu kama mlango ulioota kutu. Halikunyooka lote, wala halikukunjika hata kufikia pembe ya kukalia kiti vizuri. Uzito ulikuwa umeongezeka kilo 7. Yule mtaalamu wa mazoezi hakutugombeza. Aliuliza tu, kwa upole, ni nani aliyeweka mto. Nikanyamaza.

Ilimchukua shangazi miezi mingi ya machozi kuyarudisha tuliyoyapoteza kwa majuma sita. Leo anatembea hadi sokoni na kurudi, lakini mguu haukunyooka kabisa, na kila nimwonapo akichechemea nafahamu sehemu yangu. Ndiyo sababu nilipoisoma barua ya mama wa kota za polisi nilijiona mimi mwenyewe. Yeye amemnyima mgonjwa chakula kwa mapenzi. Sisi tulimzidishia kwa mapenzi. Wote tuliuangalia uzito wa mwili au faraja ya kitanda, tukalisahau paja.

BAADA YA UPASUAJI

Basi yafuatayo ndiyo ambayo tungeyafanya lau tungelijua.

Mgonjwa hutakiwa kusimama na kutembea kwa msaada siku ile ile ya upasuaji au siku inayofuata. Akirudi nyumbani, atembee kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, kuliko mara moja kwa mwendo mrefu. Mto usiwekwe chini ya goti; ukihitajika, uwekwe chini ya kisigino ili goti linyooke. Kila saa achezeshe nyayo juu na chini ili damu isigande. Mazoezi ya kukaza paja, kuinua mguu ulionyooka na kuvuta kisigino kuelekea makalioni yafanywe kila siku kama alivyofundishwa. Dawa ya maumivu inywewe nusu saa kabla ya mazoezi, isiwe baada ya kushindwa. Goti livimbapo, mguu uinuliwe na kitambaa chenye barafu kiwekwe kwa dakika 15 au 20, bila kuigusisha barafu na ngozi.

Katika majuma ya mwanzo lengo ni goti linyooke lote na likunjike hadi pembe ya mraba, yaani nyuzi 90. Baada ya miezi mitatu wengi hufika nyuzi 110 au 120. Hizo zatosha kwa kiti na kwa ngazi, lakini kuchuchumaa huhitaji zaidi, na si wengi wanaokufikia. Kupiga magoti, iwe kwa sala au kwa kusalimu wakubwa kama ilivyo mila ya wenzetu wengi, hakuliharibu goti likishapona, ila wengi huona karaha. Mama aliyefanyiwa upasuaji asilazimishwe kupiga magoti. Heshima yake na ipokelewe akiwa amesimama.

Kazi nyepesi huweza kuanza baada ya majuma sita hivi, na nzito baada ya miezi mitatu au zaidi. Uvimbe huweza kubaki kwa miezi, na nafuu huendelea kuongezeka hata kufikia mwaka mzima. Kutembea, baiskeli na kuogelea ni vyema; kukimbia na kurukaruka si kwa goti bandia. Tusiahidiane miujiza pia: takriban mtu mmoja kati ya watano huwa hakuridhika sana na goti lake jipya.

Ama kuhusu uzito baada ya upasuaji, wengi hudhani kwamba maumivu yakiondoka mwili utapungua wenyewe. Sivyo inavyoonekana. Wengi hubaki na uzito ule ule, na baadhi huongezeka, kwa maana goti ni jipya lakini sahani ni ile ile. Kwa hiyo mgawanyo wa sahani niliouandika hapo juu uendelee, ila katika majuma sita ya kwanza chakula cha kujenga mwili kisipunguzwe hata kidogo, kwa ajili ya kidonda. Haraka ya kupunguza kilo ingoje mpaka kidonda kifunge.

DALILI ZA KUKIMBIZA HOSPITALINI

Msingoje asubuhi mkiona mojawapo ya haya: kidonda kinatoa majimaji au usaha, homa pamoja na goti jekundu linalozidi kuuma, mshipi wa mguu umevimba, una moto na unauma, au pumzi zinambana ghafula na kifua kumchoma. Hizo mbili za mwisho huweza kuwa donge la damu, na donge likipanda mapafuni huua.

MAJIBU KWA MAMA

Mama, swali lako la kwanza: usiendelee. Mrudishie mumeo milo mitatu, kwa sahani ile niliyoieleza, na umfanyishe mazoezi ya paja kila siku. Swali la pili: goti halitamvunjikia kwa kilo zake, ingawa kila kilo atakayoitua italipa nafasi ya kudumu. Swali la tatu: msingoje namba ya mizani isiyojulikana. Rudini kwa daktari mkiwa pamoja, mkapime sukari, shinikizo la damu na upungufu wa damu, kisha mmwulize kwa heshima maswali haya: kipimo cha mzee wangu ni kama 34, ni hatari gani hasa mnayoiogopa kwake, tufanye nini kuipunguza, na tupange tarehe gani? Mtu mwenye tarehe hujiandaa. Asiye na tarehe hukata tamaa akaenda nyuma ya kantini.

Na jambo la mwisho, ambalo hukuliuliza. Mpikie chapati moja siku ya Jumapili, aile mezani mbele ya watoto wake. Sajini aliyelitumikia taifa hapasi kula kwa kujificha.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutaurudia mfululizo wetu wa chakula cha watoto. Nawatakieni afya njema nyote, mlio kambini na mlio nyumbani.